Nasaba na Ukoo: Kaburi la mtoto mchanga litafutwe wapi?

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zinamhusu mtu anayekosekana katika karibu kila mchoro wa ukoo ninaoletewa: mtoto aliyezaliwa, akaishi siku au miezi, akazikwa, na asitajwe tena. Hakuwa mtu wa nadra. Takwimu za sensa ya mwaka 1988 zilikadiria kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Tanzania, 115 walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, ilhali utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 33. Na kabla ya hiyo 1988 hali ilikuwa nzito zaidi. Mwenye bibi aliyezaa watoto wanane miaka ya 1950, akaambiwa kwamba wote walikua, na aulize tena.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Bibi yangu mzaa baba alifariki mwaka jana akiwa na umri mkubwa. Maisha yake yote alikuwa akisema kwamba baba yangu, aliyezaliwa mwaka 1958, si mtoto wake wa kwanza, bali alitanguliwa na binti aliyefariki akiwa na miezi michache. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Mwanza na kwao ni Ukerewe, upande wa Kagunguli. Bibi alitoka Bukumbi, na wote wawili walikuwa Wakatoliki. Sasa familia inayajengea makaburi yao kule Ukerewe, nasi wajukuu tunataka na jina la mtoto huyo liandikwe. Baba mdogo anasema alizikwa mjini, karibu na kota za reli. Shangazi anasema alisafirishwa kwa meli akazikwa Ukerewe. Jina lake hakuna anayelijua. Tena mzee mmoja wa ukoo ametuonya tuache, kwa kuwa habari za mtoto mchanga haziamshwi. Tuanzie wapi, na je, ni vibaya kuendelea? (Msomaji, Nyakato)

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuondokewa na bibi.

Familia yenu imegawanyika kati ya Mwanza na Ukerewe, lakini barua yako imetaja mahali pa tatu ambapo hakuna aliyepaangalia, napo ni Bukumbi. Unasema mtoto huyo alikuwa wa kwanza. Katika familia nyingi za ukanda huu, na kwingineko nchini, mke mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake kujifungua, akakaa huko mpaka mwili umpone na mtoto apate nguvu. Kwa mke wa mfanyakazi aliyeishi katika chumba cha kota, mbali na mama na bila mtu mzima wa kumwogeshea mtoto, sababu ya kurudi ilikuwa kubwa zaidi. Ikiwa bibi yako alifanya hivyo, huenda uhai wote wa binti huyo ulipita Bukumbi, naye akazikwa huko huko, na watu wa Ukerewe wakapelekewa habari tu. Baba mdogo na shangazi yako hawakuwapo wakati huo. Walizaliwa baadaye, wakasikia nusu ya habari, na kila mmoja akaliweka kaburi mahali anapopafahamu vizuri.

Sisemi kwamba ni Bukumbi. Nasema muanzie Bukumbi. Habari ya meli naipa nafasi ndogo. Miaka ile mtoto mchanga alizikwa siku hiyo hiyo au kesho yake, na ni nadra kukuta ukoo uliosubiri meli ya Nansio, ukalipa nauli na kuvuka ziwa na maiti ya mtoto anayenyonya, hata kama kwa mtu mzima mwenye cheo chake wangejitahidi. Mimi hushika kanuni moja nyepesi: mtoto anayenyonya huzikwa pale mama yake alipokuwa akilala wiki ile. Kwa hiyo acheni kwanza kuuliza kaburi liko wapi, mkaulize mama alikuwa wapi.

Swali hilo waulizeni wanawake. Kichanga hakuwekewa matanga marefu. Mara nyingi wanawake wazee ndio waliomwosha na kumfunga nguo, mwanamume mmoja au wawili wakachimba, na kesho yake watu wakarudi shambani. Baba zenu hawakuitwa, na wengine walikatazwa kusogea. Je, bibi yako aliacha mdogo wake wa kike, au binamu waliolala naye chumba kimoja kabla ya kuolewa, au wifi aliyekuwa akimtembelea kota? Mwenye umri mkubwa kuliko wote ndiye wa kwanza kumwendea, na aende mwanamke. Asianze na kaburi. Akae naye mkekani, amwombe amhesabie uzazi wa dada yake, waliokaa na wasiokaa, mmoja baada ya mwingine, na bibi huyo akikunja vidole atafika mahali akasita. Hapo ndipo pa kuuliza mambo madogo: nani alimpokea mtoto, uchungu ulianza usiku au mchana, watu walikuwa wanapalilia pamba au wanaichuma, mtoto aliugua surua au homa, na nani alikwenda kumwambia babu mjini. Mtu aliyesahau mwaka hukumbuka kwamba alikuwa na kikapu cha pamba kichwani alipoitwa. Pamba ya huku hupandwa kuanzia Novemba na huchumwa katikati ya mwaka, basi jibu kama hilo limekwisha kukupa msimu.

Mwaka nao unaweza kubanwa. Baba yako alizaliwa mwaka 1958. Mama anayefiwa na mtoto anayenyonya kwa kawaida hushika mimba mapema kuliko yule anayeendelea kunyonyesha, kwa hiyo kifo hicho hakikutangulia sana. Ningetafuta kati ya mwaka 1955 na 1957 kabla ya kurudi nyuma zaidi. Mpaka wa upande wa pili ni ndoa ya bibi na babu, ambayo kwa Wakatoliki imeandikwa katika kitabu cha ndoa cha parokia ilikofungwa. Kati ya ndoa hiyo na ubatizo wa baba yako mna miaka michache tu ya kupitia, na hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye macho mazuri.

Sasa kitabu chenyewe. Misheni ya Bukumbi ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1883, na sheria ya Kanisa imezitaka parokia kuweka vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu. Anzeni na cha ubatizo, wala msianze na cha marehemu, kwa sababu kifo cha kichanga kilirukwa kirahisi, ilhali ubatizo ulifanywa haraka baada ya kuzaliwa na uliandikwa kwa uangalifu. Kwa kuwa jina la mtoto hamlijui, msisome safu ya majina ya watoto. Someni safu ya wazazi, mkimtafuta babu na bibi yako pamoja. Vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, na majina yanaweza kuwa na mkia wa Kilatini, lakini jina la baba wa Kikerewe na la mama wa Kisukuma hayafichiki. Mkimpata, tazameni pambizoni. Msalaba mdogo uliochorwa kwa wino, au neno obiit lenye tarehe, maana yake amefariki. Mkikuta maneno in periculo mortis, mtoto alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa, na pengine aliyembatiza si padre bali katekista, muuguzi au jirani, kwa kuwa Kanisa humruhusu mtu yeyote kubatiza katika hali hiyo. Yaandikeni yote, hasa jina la msimamizi wa ubatizo, maana wajukuu wake wanaweza kuwa wanaishi papo hapo na kujua msimamizi huyo alikaa upande gani.

Na kama mtoto hakubatizwa? Kwa miezi michache katika familia ya Kikatoliki sidhani, lakini lisemwe, kwa kuwa wasomaji wengine litawahusu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 haikuruhusu asiyebatizwa azikwe kwa ibada ya Kanisa, kwa hiyo mtoto wa namna hiyo alizikwa nyumbani au pembeni mwa makaburi ya misheni. Sheria ya sasa ya mwaka 1983 imelegeza: askofu anaweza kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Wasomaji wa kanisa la AIC (Africa Inland Church) na Wasabato nao wasihangaike na vitabu vya ubatizo kumtafuta kichanga, kwa kuwa makanisa hayo hayabatizi watoto wachanga. Watafute wazee wa kanisa waliokuwapo.

Vitabu hivi havikuwekwa kwa ajili ya umma. Mwandikieni paroko mapema, mwende na barua ya parokia yenu ya Nyakato, mtaje majina na miaka mnayoitafuta, na muwe tayari padre au katibu afungue kitabu yeye mwenyewe. Bukumbi ikikosa, nendeni parokia ya mjini, na Kagunguli iwe ya mwisho. Mapadre Weupe pia walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila misheni, lakini shajara huandika mvua, safari, ugomvi na askofu aliyepita. Kichanga cha mfanyakazi wa reli sitarajii kukikuta humo.

Serikalini msitarajie mengi. Usajili wa vizazi na vifo ulianza nchini mwaka 1921, lakini kwa muda mrefu ulikuwa wa lazima kwa Wazungu na Waasia, na Waafrika wengi wa miaka ya 1950 hawakuandikishwa. Ulizeni ofisi ya usajili ya wilaya au RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mara moja ili mjue mmeuliza, lakini mkijibiwa kwamba hakuna kumbukumbu, jibu hilo lisiwafanye muamini kwamba mtoto hakuwapo. Familia ya Kihindi ya Mwanza ikiniletea swali kama lako nitaiambia kinyume kabisa: waanzie huko.

Njia nyingine ya kupima simulizi ni majina ya waliofuata. Mwenye kuitwa Tatu na anayejulikana kuwa na mkubwa mmoja tu, aulizwe wa katikati yuko wapi. Kwa Wasukuma mtoto anayezaliwa baada ya pacha huitwa Shija. Ukoo wenye Shija, na usio na Kulwa wala Doto kabla yake, huenda una makaburi mawili madogo mahali fulani. Kwenu huenda jina la shangazi yako au la baba mdogo lilitolewa kumkumbuka marehemu, nalo bibi mkubwa wa Bukumbi atalijua.

Mkishajua kijiji, ndipo mwende na miguu. Kumbukeni kwamba watu wengi wa mkoa huu walihamishwa katika Operesheni Vijiji kati ya mwaka 1974 na 1976, kwa hiyo mahali ukoo wa bibi unapokaa leo huenda sipo ulipokaa mwaka 1956. Ombeni mwonyeshwe matongo, yale mahame ya zamani. Boma la Kisukuma lilizungushiwa ua wa minyaa, na minyaa haifi kwa urahisi. Mkiona mstari wake katikati ya shamba la mihogo, na mwembe mzee au mawe ya kusagia yaliyoachwa, hapo palikuwa na nyumba. Vichanga vingi vilizikwa karibu na nyumba, si mbali. Lakini kama boma lilikuwa ufukweni kabisa, ziwa lenyewe lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya mwaka 1961 na 1964, likala mashamba na makazi, na yapo makaburi ambayo hayakurudi nchi kavu. Wazee wa Bukumbi wataeleza maji yalifika wapi.

Upande wa baba mdogo nao usidharauliwe. Kama mtoto alifia mjini, alizikwa katika makaburi ya wakati huo, nayo si Igoma tunayoifahamu leo kwa sababu ya waliozama na MV Bukoba mwaka 1996. Mtafuteni mstaafu wa reli, au mjane wake, aliyekaa kota miaka ile, mwulize wafanyakazi Wakatoliki walikuwa wakizika wapi. Mtapata eneo. Kaburi lenyewe la kichanga, lisilo na msalaba wala saruji, baada ya miaka hii siwaahidi.

Popote mtakapofika, msichimbe. Kuvuruga mahali pa maziko ni kosa chini ya Sheria ya Kanuni ya Adhabu, na hata bila sheria hiyo hamtapata kitu, kwa kuwa mifupa ya mtoto wa miezi michache huyeyuka ardhini mapema. Wanaotaka kuchukua udongo kidogo wa mahali hapo na kuupeleka Ukerewe wafanye hivyo kwa ridhaa ya wenye shamba na ya wazee wa Bukumbi. Mimi binafsi siuoni kuwa wa lazima.

Kuhusu mzee aliyewaonya, msimpite. Kwa wazee wengi kunyamaza juu ya kichanga kulikuwa njia ya kumlinda mama asivunjike moyo na kuilinda mimba inayofuata. Sababu hiyo ilikuwa ya haki wakati wake, na sasa mama mwenyewe amefariki. Zaidi ya hapo, unasema bibi alimtaja mtoto huyo maisha yake yote, kwa hiyo si ninyi mnaoziamsha habari zake, bibi hakuzilaza. Mwelezeni mzee hivyo, mwombeni awe wa kwanza kutamka ruhusa mbele ya ukoo, na sidhani atakataa.

Kwenye jiwe la Ukerewe msiandike “hapa amelala” kwa mtu ambaye hakulala hapo. Wajukuu wenu watakuja kulisoma jiwe hilo kama ushahidi. Chini ya majina ya wazazi andikeni jina la ubatizo mtakalolipata, mwaka, na “alizikwa Bukumbi” au popote mtakapokuwa mmethibitisha. Jina likikosekana kabisa, “binti yao wa kwanza” linatosha, na nafasi ya mstari mmoja iachwe tupu kwa ajili ya jina likipatikana baadaye.

SWALI: Assalaam alaikum. Baba yangu ana mdogo wake aliyezaliwa hapa Mwanza akafariki siku ya tano, akazikwa katika makaburi ya Waislamu ya mtaani. Bibi alikuwa akisema ilikuwa siku chache kabla ya Idi Kubwa, mwaka 1972, baada ya Mzee Karume kuuawa. Baba sasa ni mtu mzima sana, na kila tukienda makaburini ananionyesha mahali tofauti. Je, msikiti huwa na daftari la makaburi? Na kama mtu mwingine amezikwa juu yake? Mtoto hakuwahi kupewa jina. (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Waalaykumu salaam. Tuanze na mwaka, maana maneno ya bibi yako yanapingana. Mzee Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Idi Kubwa ya mwaka huo ilikuwa imekwisha kupita mwishoni mwa Januari, na iliyofuata iliangukia katikati ya Januari 1973. Mtoto aliyefariki baada ya Karume na siku chache kabla ya Idi Kubwa alifariki, basi, mapema Januari 1973. Bibi hakukosea sana. Alishika tukio na sikukuu, na huo mwaka 1972 yaelekea uliongezwa na mtu mwingine aliyetaka kumsaidia. Mnapotafuta kwa simulizi, tukio na sikukuu ni vya kuaminiwa kuliko tarakimu ya mwaka.

Misikiti mingi ya mitaani haina daftari la nani amezikwa wapi. Daftari lenu ni watu: mchimba kaburi mzee au mwanawe aliyerithi kazi, na wajumbe wa kamati ya msikiti wanaoshughulikia mazishi. Swali la kuwauliza ni watoto walikuwa wakizikwa upande gani mwaka ule, kwa sababu katika makaburi mengi vichanga huwekwa pembezoni au karibu na jamaa aliyetangulia, ili nafasi kubwa ibaki kwa watu wazima. Kwa hiyo ulizeni pia kama kabla ya Januari 1973 alikuwapo mtu wa ukoo wenu aliyezikwa humo. Kama yupo na kaburi lake linajulikana, angalieni kandokando yake. Kaburi la kichanga, hata lilipokuwa jipya, lilikuwa na tuta dogo na jiwe la kichwani, na tuta husawazika kwa mvua za miaka michache. Na baba anapoonyesha mahali tofauti, msimrekebishe. Chukueni kila alipoonyesha mkaandike. Pengine yote yako upande mmoja wa makaburi, na hapo amekwisha kuwajibu.

Kuhusu kuzikwa mtu mwingine juu yake, katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kaburi halifunguliwi mpaka wajuzi wa udongo wa mahali hapo wakadirie kwamba mwili umekwisha kuwa udongo. Baada ya hapo inajuzu kuzika mwingine. Kwa kichanga na kwa miaka yote hiyo, kama limetumika tena hakuna aliyedhulumiwa. Ziara yenu haihitaji kaburi mahsusi: mtu huwasalimia watu wa makaburini wote, akaomba dua.

Jina nalo linaweza kutolewa hata sasa. Kumpa mtoto jina siku ya saba ni sunna, lakini aliyezaliwa hai akafariki kabla yake si mtu asiye na jina kwa lazima, na wanazuoni wa madhehebu hiyo wamependekeza apewe. Mwendeeni shehe wenu, baba akiwa hai na akili zake, ili alichague yeye aliye ndugu yake.

SWALI: Wathamini wa mradi wa barabara wamepita kijijini kwetu. Nyuma ya nyumba ya marehemu mama kuna makaburi ya watoto wake wawili waliofariki wachanga, hayana alama yoyote isipokuwa mawe. Mthamini aliyahesabu makaburi ya saruji tu. Je, haya ya watoto hayahesabiwi? (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Yanahesabiwa. Uhamishaji wa makaburi kwa matumizi ya umma unaongozwa na Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na kaburi haliwi kaburi kwa sababu ya saruji. Fidia inayotajwa humo haimlipi mtu thamani ya marehemu. Inarudisha gharama za haki za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko au ibada zinazoambatana na kazi hiyo. Kwa hiyo msisahau kutaja gharama za padre, shehe au mzee wa mila atakayehusika.

Fanyeni haraka kabla fomu ya uthamini haijasainiwa. Mwandikieni mtendaji wa kijiji barua inayotaja makaburi hayo mawili, mkimwomba mthamini arudi, na mbaki na nakala yenye muhuri. Siku atakaporudi, awepo mwenyekiti wa kitongoji na wanawake wawili au watatu wa jirani walioshuhudia maziko au waliosimuliwa na mama yenu mwenyewe, kwa kuwa kaburi lisilo na maandishi huthibitishwa kwa ushahidi wa watu. Yapigwe picha pamoja na nyumba ili umbali uonekane, na mawe yaliyopo yasisogezwe wala kupakwa chokaa mpya, maana alama iliyotengenezwa wiki ya uthamini huzua shaka hata pale ambapo jambo ni la kweli. Kama familia itaamua yahamishwe, amueni mapema yanakopelekwa, na kama mna eneo la makaburi ya ukoo, watoto hao wazikwe karibu na mama yao.